Pilipili za Kwenye Kitabu

Mume wangu alipoacha kazi ya kutoa mizigo forodhani pale Busia, nilimwomba Mungu ampe kitu cha kumshughulisha asije akazeekea kwenye kiti. Nilisahau kutaja ni kitu gani. Mungu akampa pilipili.

Miaka yote aliyokaa mpakani alikuwa mtu wa karatasi. Lori linaweza kuwa jipya, dereva mwaminifu na mzigo safi, lakini karatasi moja ikikosekana halisogei. Mtu aliyeishi hivyo akishika jembe, hawezi kuchimba mpaka apate karatasi ya kumruhusu. Shamba letu la Kiyeyi lilikuwa palepale, limeota magugu, linamngoja. Yeye akaoga, akavaa shati la kazini, akapanda gari kurudi Busia kutafuta kitabu.

Mimi ni mtunza maktaba wa shule moja ya sekondari mjini Tororo, kwa hiyo mtu angedhani nilifurahi. Vitabu navipenda. Lakini nimekaa navyo muda wa kutosha kujua kwamba kitabu ni kama mgeni: kinaweza kuwa na maneno mazuri na adabu zote, na bado kisijue choo cha nyumba yako kiko upande gani.

Msimu huohuo ndipo mama mkwe wangu alipoletwa kwetu kutoka Nagongera. Alikuwa ameshikwa na homa kali iliyomlaza kitandani, na ilipomwachia, iliondoka na pua yake na ulimi wake. Hakusikia harufu ya kitu chochote, wala ladha. Sabuni, mchuzi, maua, vyote vilikuwa sawa kwake. Siku ya kwanza nilimpikia kunde za karanga, na ugali wa wimbi laini. Alionja kidogo, akaisogeza sahani.

"Chakula yako iko kama udongo," akasema.

Hapo nieleze jambo moja. Nimeolewa Padhola, nchi ya watu wa mume wangu, tangu nikiwa msichana, na lugha yao naielewa mpaka mafumbo ya matangani. Lakini mama mkwe wangu hunisemesha Kiswahili, kile cha sokoni cha upande wa Uganda, na sababu anaijua yeye na mimi. Ni kunikumbusha kwamba nilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa Wasamia, na kwamba hata nikizikwa hapa nitazikwa kama Mkenya.

Nilimpikia kuku wa kienyeji mpaka mifupa ikalainika. Udongo. Nilimwagizia samaki kutoka kwetu, nikawapika kwa moto mdogo kama mama yangu alivyonifundisha. Udongo wenye miiba, akasema. Mawifi wakaanza kupiga simu. Walisikia mama hali chakula, wakauliza kwa sauti ya upole iliyoniudhi kuliko matusi, kama labda kazi za shule zimenizidi, kama labda wamchukue. Nilieleza habari ya pua na ulimi, nikaeleza tena. Walinisikiliza kama watu wanaomsikiliza mshitakiwa.

Na kweli alikuwa anakonda. Gomesi yake, lile gauni refu la kanisani, ilimning'inia mabegani kama imetundikwa kwenye msumari. Daktari wa zahanati alisema mishipa ya kunusa imeumia, itarudi polepole, au isirudi, na kwa sasa tumpe chochote atakachokubali kumeza. Hicho chochote ndicho nilichokuwa nakitafuta kila jioni nikitoka kazini, na kila jioni sufuria ilirudi jikoni imejaa.

Katikati ya hayo, mume wangu akarudi na kitabu.

Kilikuwa kinene, karatasi zake zinang'aa, na picha ya pilipili nyekundu kwenye jalada kubwa kuliko pilipili yoyote niliyowahi kuiona. Alikinunua kwa kijana mmoja wa upande wa Kenya anayeuza vitabu vya mitumba juu ya turubai, karibu na wanaouza viatu. Kijana alimwambia hicho ndicho kinachopendekezwa na kila mtu.

Nikamuuliza mume wangu huyo kila mtu ni nani. Akanigeuzia kitabu nyuma, akanionyesha maneno ya sifa ya watu tusiowajua, wa nchi tusizozijua. Kwake hiyo ilikuwa mihuri, na karatasi yenye mihuri haipingwi.

Nilikisoma mimi pia, usiniulize kwa nini. Kilikuwa kimeandikwa vizuri, na mtu anayependa pilipili kwa moyo wake wote, na anayeishi mahali ambapo theluji hufunika mlango. Sura ya kwanza yote ilikuwa juu ya kuziokoa mbegu zisife kwa baridi. Uzioteshe ndani ya nyumba, kwenye dirisha linalotazama kusini. Uzifunike zisipoteze joto. Uziwekee joto kutoka chini.

"Baba watoto," nikamwambia, "huyu anakimbia baridi. Sisi hapa tunakimbia nini?"

"Kitabu kimesema dirisha la kusini."

Dirisha la kusini nyumbani kwetu ni la chumba cha kulala. Akaleta trei za mayai, akazijaza udongo na samadi, akazipanga dirishani, juu ya sanduku langu la nguo, na nyingine kwenye kiti ninachokalia nikivaa viatu. Akazifunika kwa nailoni. Kisha, kwa kuwa kitabu kilitaka joto kutoka chini na hatukuwa na mkeka wa umeme uliotajwa, alichukua ile chupa ya mpira ya maji ya moto niliyokuwa nikimwekea mama yake miguuni. Tulilala wiki baada ya wiki tukinusa samadi, katika joto la Tororo, huku mbegu za mume wangu zikikandwa maji ya moto kama mzazi aliyetoka kujifungua.

Ziliota. Siwezi kumnyima haki yake. Ziliota ndefu, nyembamba, za rangi ya wagonjwa wa kulazwa, zote zimeinamia kioo. Akazihamishia nje, kwenye kijumba cha nailoni alichokijenga kufuata mchoro wa kitabu, kimezibwa kila upande ili upepo wa baridi usiingie. Upepo wa baridi huo ungetoka wapi, hakusema. Jua la saa sita la Kiyeyi lilifika, likaingia, halikuona pa kutokea. Aliporudi kutoka mjini zilikuwa zimelala chini, laini, zimeiva. Ungeweza kuzipakua.

Niliona uso wake nikadhani yameisha. Alikwenda Busia tena.

Kitabu cha pili kilikuwa chembamba na jalada lake lilikuwa na mtu aliyevaa suti, amekunja mikono, na nyuma yake shamba ambalo nina hakika hakulikanyaga. Kilihusu jinsi ya kutajirika kwa pilipili. Kilisema habari za kuamini, za kuamka mapema, za kuwaacha marafiki wanaokurudisha nyuma. Nilikipitia mwanzo hadi mwisho nikitafuta mahali panaposema mbegu inafukiwa kina gani. Hapakuwapo. Mume wangu alikuwa ameanza kuniangalia kama rafiki anayemrudisha nyuma.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Busia mwenyewe. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu njia nzima. Nilivuka, nikampata kijana wa vitabu amekaa chini ya mwavuli akila mahindi, nikamwekea vile vitabu viwili mbele. Nikamweleza kwamba kimoja kimepika miche ya mume wangu na cha pili kimempika mume wangu mwenyewe, na kwamba mtu anayependekeza vitabu ana jukumu la kuvisoma.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na heshima, na hilo ndilo lililonishinda.

"Mathe, mimi nauza karatasi," akasema. "Nikianza kusoma, nitauza saa ngapi?"

Kisha, bila kubadilisha sauti, akachomoa kitabu kingine chini ya rundo, akakifuta vumbi kwa kiwiko, akanifungulia katikati. Kilikuwa kitabu cha mapishi ya pilipili. Sijui niseme nini. Picha zake zilikuwa nzuri mno. Kulikuwa na bakuli la udongo lenye mchuzi mwekundu mzito, mafuta yanaelea juu, na mkono wa mwanamke mzee unachovya mkate. Nilimfikiria mama mkwe wangu na ile sahani anayoisogeza. Nilirudi Tororo na vitabu vitatu badala ya viwili, na hotuba yangu yote imebaki Kenya.

Nilipofika nyumbani na kukisoma kwa utulivu, niligundua kwamba kila pishi lilidai aina tatu au nne za pilipili kavu zenye majina kama ya miji, na jibini, na ndimu za kukaushwa, na saa nzima ya kuoka kwenye joko. Nilikiweka juu ya kabati. Mume wangu akakishusha.

Wanawake wa kanisani walikuwa wamepanga kuja Jumapili hiyo kumwombea mama. Nyumbani kwa mama huyu, miaka yote, pilipili haikuwahi kuingia chunguni. Alisema pilipili ni ya wanaume wanaokaa kuzunguka mtungi wa kongo, pombe yetu ya wimbi, ambao midomo yao imeshakufa. Kwa hiyo sikuona sababu ya kumwonya mume wangu asipike pilipili. Nilidhani anajua.

Wageni walifika, tukakaa sebuleni, mama akiwa kwenye kiti chake amefunikwa shuka. Jiko letu liko ndani ya nyumba, ukuta mmoja na sebule. Nilimsikia mume wangu huko akigonga sufuria, nikadhani anachemsha chai, nikamshukuru moyoni. Kumbe alikuwa amekifungua kitabu kwenye ukurasa unaosema pilipili kavu zikaangwe kidogo bila mafuta mpaka zitoe harufu. Alikuwa na pilipili kichaa, zile ndogo kali za soko la Tororo, kibaba kizima. Kitabu kilisema dakika moja, na dirisha liwe wazi. Simu yake ikalia. Ilikuwa mtu wa forodha wa zamani, na mazungumzo yao hayajawahi kuwa ya dakika moja.

Kiongozi wa maombi alikuwa amefika pale anapomwomba Mungu ashushe moto wake juu ya nyumba hii. Sauti ikamkatika. Akakohoa. Aliyekuwa pembeni yake akakohoa. Halafu ikawa ni sisi sote, pamoja, machozi yanatiririka, watu wanapapasa viatu, gomesi zimevutwa puani, mmoja anauliza kwa sauti iliyokauka kama ni gesi. Tulitoka nje kwa kusukumana mlangoni. Mume wangu alitoka kwa mlango wa jikoni, bado ana simu sikioni, akilia kama mtoto.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mama mkwe wangu hawezi kusimama mwenyewe haraka. Nikajifunga kitambaa usoni nikarudi ndani.

Alikuwa amekaa wima. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, anakohoa, lakini mkono wake aliuinua kunizuia nisimguse.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hiyo ni nini? Mimi nasikia kitu."

Nikamwambia ni moshi wa pilipili, twende nje.

"Kwenda wewe. Mimi nasikia kitu puani. Lete hiyo kitu."

Nilifungua madirisha yote, nikaitupa sufuria nje, nikarudi na kipande kimoja cha pilipili kilichokuwa hakijaungua. Nilikisaga, nikakinyunyiza kidogo kwenye kunde za jana zilizobaki, nikampa na ugali. Alikula tonge la kwanza. Akala la pili. Wageni walikuwa wamekusanyika dirishani kwa nje, wanafuta macho, wanaangalia. Alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani, akapangusa mchuzi kwa kidole, akanitazama.

"Leo ndio umepika," akasema.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Niliingia jikoni nikashika ukingo wa karo nikamshukuru Mungu. Na papo hapo, katika kifua hichohicho, nilikuwa na hasira ambayo ningeweza kuchemshia maji. Kuku niliowachinja. Samaki niliowavusha mpaka. Kunde zilikuwa zilezile za jana, zile alizoziita udongo. Wanawake wa kanisani walimsifu Mungu, kisha wakamsifu mume wangu. Naye akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye alifuata kitabu tu.

Kuanzia siku hiyo hakula kitu bila pilipili. Daktari alieleza kwamba ukali wa pilipili hausikiki kwa njia ileile ya ladha, unasikika kama mwasho na joto, ndiyo maana ulimfikia hata ulimi ulipokuwa umefungwa. Akasema tumpe, lakini kidogo, na baada ya kutia kitu tumboni. Kidogo hakikumtosha. Alitaka pilipili kwenye uji. Alitaka kwenye chai. Wageni walipokuja kumwona aliwaambia, mbele yangu, kwamba mkwe wake alikuwa anamnyima, kwamba dawa ilikuwa jikoni siku zote. Niliwaza kumkumbusha nani aliyeikataza isiingie chunguni. Nikaenda kuosha vyombo.

Mume wangu alitafuta msaada kwenye vitabu. Cha kwanza kilisema pilipili huponya tumbo. Cha mapishi kilisema wenye vidonda vya tumbo waiogope. Cha utajiri kilisema pilipili ni dhahabu nyekundu. Alinisomea vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, nikiwa natwanga karanga.

Asubuhi moja nilimsikia mama akipiga ukelele chumbani. Alikuwa ameficha pilipili chini ya mto, amezitafuna kabla ya uji, kisha akajifuta macho kwa vidole hivyohivyo. Nilimkuta amefumba macho, anayumba, anamwita marehemu mama yake. Nikamwita mume wangu alete maji. Akaja na kitabu.

"Ngoja," akasema, anafungua kurasa. "Kuna sehemu ya macho. Niliiona. Kama ni maziwa au mafuta, sikumbuki."

Sijawahi kumpiga mume wangu, wala siku hiyo sikumpiga. Nilimpita mlangoni, nikachota jagi la maji safi, nikamlaza mama kichwa upande, nikamwagia macho pole pole, nikachota jingine, na jingine, mpaka akaweza kufumbua. Mume wangu alikuwa amesimama palepale na kidole kwenye ukurasa. Alikuwa ameipata ile sehemu. Ilisema maji.

Nilimwambia maneno machache. Nilimwambia mama yake siyo lori, hangoji karatasi. Alikifunga kitabu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akamshika mama mkono, na siku nzima hakusoma.

Labda ni kwa sababu ya siku hiyo kwamba nilipopata kile kijitabu sikukileta nyumbani mara moja. Nilikuwa nasafisha kabati la nyuma la maktaba, lenye mitihani ya zamani na magazeti yaliyoliwa na mchwa, nikakikuta: kijitabu chembamba cha Kiswahili juu ya kilimo cha pilipili, jalada limeng'oka, mwandishi hajulikani, hakuna picha isipokuwa mchoro mmoja wa kitalu uliochorwa kwa rula. Nilikisoma nimesimama. Tuta liinuliwe, maji yasituame. Kivuli cha nyasi juu, kipunguzwe kidogo kidogo miche inapokomaa. Usipande palipokuwa na nyanya au viazi, maana magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Mche wenye majani yaliyojikunja ung'oe, usiuonee huruma. Huyo aliyeandika alikuwa amenyeshewa na mvua kama yetu, niliitambua katika kila sentensi.

Nilipomwonyesha, mume wangu alikipindua mkononi. Akasema hakina hata picha.

Basi nikapanda mwenyewe nyuma ya jiko. Nilifuata kila neno, isipokuwa mahali kiliposema mbolea ipimwe kwa kopo la kawaida, na mimi sijui kopo la kawaida la zama zile lilikuwa kubwa kiasi gani. Nilikisia. Miche ilitoka mifupi, ya kijani kibichi, imenyooka. Kila jioni nilikwenda kuitazama kabla hata ya kuvua viatu vya kazini. Nilianza kutembea kwa maringo, na mume wangu aliliona hilo.

Kisha siku moja nikarudi nikakuta tuta limeparuliwa kama uwanja wa ngoma. Kuku wa jirani walikuwa wameingia. Walikuwa wameoga vumbi katikati ya kitalu changu, wakaifukua miche, wakadonoa iliyobaki, nao pilipili haiwawashi hata kidogo. Nilikisoma kijitabu upya, nikasoma kile kinene, nikasoma mpaka cha mwenye suti. Katika vitabu vyote hivyo, hakuna hata kimoja kilichotaja kuku.

Mume wangu alitoka nje akasimama kando yangu. Nilimngoja acheke. Hakucheka, au alicheka kidogo kwa pua. Akaenda kwenye kile kijumba chake cha kupikia miche, akakivua nailoni yote, akaleta mbao zake, na tukalizungushia tuta jipya, na juu yake tukaweka nyasi. Alishika nyundo, nikashika misumari. Hatukuzungumza habari za vitabu. Mbegu zake zilizobaki na zile nilizonunua mimi tulizichanganya, na mpaka leo hakuna anayejua mche upi ni wa nani.

Tangu hapo watu wamekuwa wakinijia maktaba, walimu wenzangu, na mama mmoja kutoka Mella aliyesikia habari zetu, wakitaka niwape jina la kitabu kizuri cha pilipili. Ninawajibu hivi. Cha kulima, tafuta kilichoandikwa na mtu anayelalamikia mvua ileile unayoilalamikia wewe, hata kama jalada limeng'oka. Na kabla ya kukifuata, hesabu kuku wa jirani. Cha mapishi, chukua chenye picha nzuri, kisome usiku kama mtu anayesoma habari za safari, kisha kapike ulichonacho, na ufungue dirisha. Cha utajiri tunacho kimoja, kipo chini ya mguu wa meza yangu na meza haiyumbi tena. Wanacheka, wanadhani nafanya mzaha. Kisha wanauliza jina la kile chenye picha.

Pilipili zetu zilizaa. Zilizaa kwa namna ya kunikasirisha, kwa maana baada ya taabu zote hizo ungedhani zingekuwa na haya kidogo. Matawi yaliinama. Tulichuma asubuhi, jioni nyingine zilikuwa zimeiva. Tulizianika juu ya mabati mpaka ua wote ukawa mwekundu, na mume wangu akawa anawagawia waliopita njiani, wakitaka wasitake. Mama alikuwa amenenepa. Alitembea sasa hadi barabarani na kurudi, na kila mchana nilimwekea pilipili yake mbichi pembeni ya sahani kama mfalme.

Mchana mmoja nilimpelekea kunde, nikageuka kuondoka.

"Wewe," akasema. "Nani ameweka chumvi hivi?"

Nikamwambia ni mimi, kama kawaida.

"Chumvi mingi sana. Na hii karanga umeunguza."

Nilirudi nikaonja kwenye sahani yake. Chumvi ilikuwa nyingi kweli. Kwa miezi yote ile sikuwa nikiangalia chumvi, kwa nini niangalie, anayekula haisikii. Na karanga zilikuwa zimeshika chini kidogo, kidogo sana, kitu ambacho ni mtu mwenye ulimi mzima tu angekijua. Nilikaa kwenye kiti cha mbele yake nikamwomba aseme tena.

Alisema tena. Akaongeza kwamba maji ya kuchemshia kunde hayakuwa yamebadilishwa, na kwamba anasikia harufu ya moshi kwenye ugali. Kisha akaishika ile pilipili kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akaisogeza mbali.

"Na toa hii. Inaunguza mdomo. Nyinyi nataka kuua mimi?"

Mume wangu alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma wakati huohuo, amebeba karai la pilipili alizotoka kuzichuma, nyekundu, zimejaa hadi ukingoni. Aliyasikia maneno hayo. Alisimama pale, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Aliliweka karai chini taratibu, akakaa kando yake sakafuni, mgongo ukutani. Sikujua kama anacheka au analia, na sikumuuliza, kwa sababu na mimi sikujua langu.

Niliondoa ile sahani. Jikoni kulikuwa na kunde nyingine kidogo nilizozitenga kabla ya kutia chumvi. Nikazipasha moto, nikatia karanga mbichi mpya, nikakoroga bila kuangalia pembeni. Nikampelekea. Alikula mpaka mwisho, akilalamika kila tonge, na mimi nilisimama pale nikimsikiliza.